Sabufa mbili, amplifaya moja, na taa nyekundu isiyozimika

Swali la msomaji: "Habari fundi. Nina sabufa mbili za inchi 12, kila moja ina koili mbili za omu 4 na imeandikwa wati 250. Amplifaya yangu ni ya chaneli moja, daraja D. Kitabu chake kinasema wati 300 kwa omu 4, wati 500 kwa omu 2, na isishushwe chini ya hapo. Plasi zote nimeziunga pamoja na mainasi zote pamoja, kisha kila sabufa nikaipa jozi yake ya terminali kwenye amplifaya. Besi inaanza nzito kweli, lakini baada ya dakika kumi hivi amplifaya inachemka, inawasha taa nyekundu na kunyamaza. Taa za mbele zinafifia kila ngoma ikipiga, na spika za milangoni zinalia kama mbu nikikanyaga mafuta. Kebo ya umeme ni geji 8. Fyuzi ya 60 ilikatika mara mbili, nikaweka ya 100. Arthi nimeifunga kwenye bolti ya mkanda wa kiti cha nyuma. Nimeshauriwa ninunue kapasita na amplifaya kubwa zaidi. Nianze na kipi?"

Jibu:

Ndugu yangu, usianze na kununua. Anza na hiyo fyuzi ya 100: itoe sasa hivi, gari likae bila besi mpaka umalize kusoma. Fyuzi iliyo karibu na betri haikuwekwa pale kwa ajili ya amplifaya, kwa sababu amplifaya kwa kawaida ina fyuzi zake ubavuni. Ile ya betri inalinda kebo. Kebo ya geji 8 ina shaba ya milimita za mraba 8 na kidogo, na fyuzi inayoifaa ni ya ampea 50 au 60. Ukiweka ya 100, siku kebo ikichubuka na kugusa bodi, fyuzi itavumilia huku kebo ikiwaka chini ya zulia. Fyuzi ya 60 ilikatika mara mbili kwa sababu ilikuwa na jambo la kukuambia, nawe ukaifukuza kazi.

Unaporudisha ya 60, hakikisha iko ndani ya sentimita 45 kutoka betri, maana kipande cha kebo kilicho kati ya betri na fyuzi hakina wa kukilinda. Na pale kebo inapopenya ukuta wa injini kuingia ndani, iwe imevalishwa mpira. Bati halina haraka. Linakata ganda la kebo kidogo kidogo, kwa mtetemo wa kila siku.

Tuje kwenye matatizo yenyewe. Umeyataja matatu, lakini yana vyanzo viwili tu. Kuchemka na kufifia kwa taa kumeletwa na hesabu ya omu. Mlio wa mbu umeletwa na bolti ya mkanda.

Ndani ya sabufa yako moja mna koili mbili za omu 4. Ukiziunga sambamba, plasi kwa plasi na mainasi kwa mainasi, umeme unapata njia mbili badala ya moja na ukinzani unashuka nusu: omu 2. Sabufa mbili za namna hiyo zikiwa sambamba zenyewe kwa zenyewe, unashuka nusu nyingine: omu 1. Nadhani kilichokupoteza ni zile jozi mbili za terminali za spika. Ulihesabu kwamba kila sabufa ina jozi yake, kwa hiyo kila sabufa inabaki na omu 2 zake. Wengi hudhani hivyo, na wa kulaumiwa ni aliyezichora bila kueleza. Kwenye amplifaya ya chaneli moja, jozi hizo kwa kawaida zimeungwa pamoja ndani ya boksi. Zimewekwa mbili ili waya nne nene zipate mahali pa kuingia. Kufunga sabufa moja kwa kila jozi ni sawasawa na kuzibana zote kwenye jozi moja.

Sasa ona omu 1 inaifanya nini amplifaya hiyo. Wati 500 kwenye omu 2 maana yake ni volti karibu 31.6 zikisukuma karibu ampea 16 kwenye koili. Kanuni hiyo ni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827, na tangu siku hiyo haijampunguzia mtu. Ukiweka omu 1, volti zilezile zinataka kusukuma karibu ampea 32. Mkondo umekuwa mara 2, lakini joto kwenye transista za kutolea sauti linakwenda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo linakuwa mara 4. Zile dakika kumi unazozifurahia ni muda ambao bamba la alumini linachukua kujaa joto hilo, basi. Na besi ya mwanzoni ilikuwa nzito kweli, sikatai. Ndiyo maana kosa hili lina wapenzi wengi: linaanza kwa kukupa zawadi.

Habari usiyoitaka ni hii: kwa sabufa hizo mbili, ukitumia koili zote nne sawasawa, omu 2 haipatikani. Zote sambamba ni omu 1. Zote mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine, ni 16. Mchanganyiko wa hizo mbili ni 4, uzungushe upendavyo. Omu 2 ungeipata kama ungenunua sabufa zenye koili mbili za omu 2: kila moja mfululizo inakuwa 4, mbili sambamba zinakuwa 2. Aliyekuuzia alipaswa kukuuliza amplifaya yako inashuka mpaka omu ngapi kabla ya kukukabidhi maboksi.

Najua utakachofikiria baada ya hapo, kwa sababu kila mtu hukifikiria: je, nikitumia koili moja tu kwa kila sabufa na kuacha nyingine tupu? Nne na nne sambamba ni mbili! Hesabu ni sahihi, ila zile wati 250 za sabufa yako ni za koili zote mbili zikigawana joto. Koili moja peke yake ina uwezo wa nusu yake, na wewe ungekuwa unaipa 250 nzima. Pia sabufa inapoteza sehemu ya nguvu ya kuidhibiti koni yake, kwa hiyo besi inalegea na kuvuma. Koili isiyotumika si akiba, ni nusu ya sabufa uliyoilipia na kuizima.

Kwa hiyo funga kwa omu 4, hivi. Chukua sabufa ya kwanza. Kwa kipande kifupi cha waya, unga mainasi ya koili moja na plasi ya koili ya pili. Zitabaki terminali mbili zisizo na kitu: plasi ya koili ya kwanza na mainasi ya koili ya pili. Hizo sasa ndizo plasi na mainasi za sabufa nzima, nayo ina omu 8. Fanya vivyo hivyo kwa sabufa ya pili. Kisha zote mbili zipeleke kwenye amplifaya, plasi kwa plasi, mainasi kwa mainasi. Nane na nane sambamba ni 4. Ungeweza kufika 4 kwa njia nyingine, koili sambamba ndani ya kila sabufa halafu sabufa zenyewe mfululizo, lakini mimi naipenda ya kwanza: sabufa moja ikikatika koili, nyingine inaendelea kupiga na amplifaya inaona omu 8 ambazo hazimsumbui mtu. Kwa njia ya pili, sabufa moja ikikatika kabisa au waya wake ukichomoka, zote kimya.

Kabla ya kuunga kwenye amplifaya, pima ncha za waya kwa multimita. Usitarajie kusoma 4 kamili. Multimita inapima koili ikiwa imetulia, na koili inayoitwa ya omu 4 husoma 3.2 mpaka 3.7 hivi, nambari iliyo kwenye lebo ni jina la kawaida la ukinzani wake muziki ukipita. Gusanisha kwanza pini mbili za multimita, uone zenyewe zinasoma ngapi, uitoe hiyo. Ukipata kati ya 3 na 4, umefunga vizuri. Ukipata 0.8 au 0.9, umerudia ulichofanya. Ukipata 7, sabufa moja haijaungwa au imekufa.

Halafu kuna jaribio la sekunde moja ambalo watu hulidharau. Gusisha betri ndogo ya volti 9 kwenye plasi na mainasi za kila sabufa, ukitazama koni. Plasi kwa plasi, koni iruke nje. Zote mbili ziruke upande mmoja. Ikiwa moja inatoka na nyingine inaingia, zinafutiana besi yote, na hapo ndipo mtu mwenye sabufa mbili anashangaa kwa nini ya jirani yake mwenye moja inampita. Angalia pia ndani ya sabufa moja: koili moja ikiungwa kinyume, koni haitikisiki kabisa na koili zinachemka bure.

Utaniuliza: nimebaki na wati 300, nimepoteza 200? Kwa karatasi, ndiyo. Kwa sikio, kutoka 500 kushuka 300 ni desibeli 2 na kidogo. Lakini linganisha na kile ambacho kingekupa wati 500 halali: sabufa moja pekee, koili sambamba, omu 2. Sabufa mbili za aina moja, zilizo karibu karibu na zenye maboksi yanayofanana, zikipewa jumla ya wati ileile hutoa karibu desibeli 3 zaidi ya moja. Ondoa zile 2 ulizopoteza, bado mbili kwa omu 4 ziko mbele ya moja kwa omu 2, kwa kiasi kidogo. Tena kila moja inabeba wati 150, ilhali ile moja ingebebeshwa 500 wakati uwezo wake ni 250. Omu 4 si adhabu. Amplifaya inapoa, na besi inakuwa safi zaidi. Mashindano ya kufikia omu 1 ni ya watu walionunua amplifaya ya omu 1, betri za nyongeza na alteneta kubwa kwa pamoja.

Sasa taa zinazofifia. Amplifaya ya daraja D hupoteza umeme kidogo. Tuseme asilimia 80 ya inachovuta inatoka kuwa sauti. Wati 300 za sauti zinahitaji wati 375 kutoka betri, na gari likiwa limewashwa lenye volti 13.8 hiyo ni ampea 27. Kwa omu 1 ilikuwa inajaribu kutoa wati 1000, yaani ampea 90 kwenye kila pigo. Kebo ya shaba ya geji 8 yenye urefu wa mita 5 ina ukinzani wa miliomu 10 hivi. Ampea 90 zikipita humo, karibu volti nzima inapotea njiani. Ampea 27 zikipita, unapoteza 0.3 tu. Unaona kwamba kabla ya kubadilisha waya hata mmoja, kupandisha omu kumekuondolea theluthi mbili ya mzigo. Muziki wenyewe hauvuti hivyo mfululizo, ni kwenye mapigo tu, lakini taa hufifia kwenye mapigo.

Nimesema kebo ya shaba kwa makusudi. Kebo nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba juu, na uwezo wake wa kupitisha umeme ni karibu theluthi mbili tu ya shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini, na hiyo geji 8 yako kwa kweli inafanya kazi ya kebo nyembamba kuliko jina lake. Ikiwa ndivyo, badilisha kwa shaba ya geji 4, yenye milimita za mraba 21. Hapo ndipo pesa ya kapasita iende.

Kapasita yenyewe tuimalize haraka. Kapasita ya faradi 1, ikishuka kutoka volti 14.4 mpaka 12, inatoa jouli 32 hivi. Kwa amplifaya inayovuta wati 600 hiyo ni nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kisha inabidi ijazwe tena, na anayeijaza ni alteneta ileile iliyokuwa imelemewa. Inapendeza machoni, ina taa za buluu, sina zaidi.

Ukishafunga omu 4, na taa bado zinafifia, usibahatishe, pima. Injini ikiwa imewashwa, muziki ukiwa juu, soma volti kwenye nguzo za betri, kisha kwenye terminali za amplifaya. Tofauti kati ya vipimo hivyo ndiyo inayoliwa na kebo na arthi. Ikizidi nusu volti, tatizo liko njiani. Ikiwa betri yenyewe inashuka chini ya 12.5 na injini inanguruma, tatizo liko mbele: betri imechoka, alteneta haitoshi, au zile kebo tatu za kiwandani ni nyembamba mno, yaani kutoka alteneta kwenda plasi ya betri, mainasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Kuzifuatishia kebo nene hizo tatu kunasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Nakuja kwenye bolti ya mkanda. Kwanza, iache kwa usalama wako. Bolti hiyo imekazwa kwa nguvu maalumu ili ikushikilie siku ya ajali. Kutia kishikio cha kebo chini yake ni kuichezea. Pili, kwa umeme ni arthi mbovu. Bolti hizo mara nyingi zina gundi kwenye nyuzi na rangi chini ya kichwa, na umeme hauipendi rangi.

Na hapo ndipo mbu alipozaliwa. Jiulize kwa nini mlio unatoka milangoni wala si kwenye sabufa. Sabufa imekatiwa masafa ya juu na kichujio cha amplifaya, haiwezi kulia kama mbu hata ikitaka. Milango inaendeshwa na redio. Arthi ya amplifaya ikiwa mbovu, sehemu ya mkondo inatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia iliyo wazi ni ganda la waya za RCA, zile zinazoleta ishara ya sauti kutoka redio hadi amplifaya, kupitia redio. Mkondo huo unabeba mawimbi ya alteneta, ndiyo maana sauti inapanda injini ikizunguka kasi. Hakikisha mwenyewe: injini ikiwa imewashwa, chomoa RCA kwenye amplifaya. Milango ikinyamaza, nimesema kweli. Usiiache arthi mbovu hivyo kwa muda mrefu; mkondo huo unaweza kuunguza njia nyembamba ya arthi ndani ya redio, na baada ya hapo mlio hautaondoka hata ukitengeneza nje vizuri. Mimi yalinikuta kwenye gari langu la kwanza. Nilihamisha waya za RCA kutoka upande hadi upande kwa Jumamosi nzima, kumbe bati chini ya kishikio changu lilikuwa na rangi inayong'aa.

Tafuta bati nene la bodi lililo ndani ya nusu mita kutoka kwenye amplifaya. Angalia chini yake kwanza: usitoboe juu ya tangi la mafuta au bomba la breki. Kwangua rangi kwa msasa mpaka bati lenyewe ling'ae, eneo kubwa kuliko kishikio. Funga kwa bolti na nati na washa yenye meno, kaza, halafu paka rangi au grisi juu ili kutu isiingie. Kebo ya arthi iwe na unene uleule wa kebo ya plasi, kwa sababu kila ampea inayoingia lazima itoke. Kisha pima: pini moja ya multimita kwenye terminali ya arthi ya amplifaya, nyingine kwenye mainasi ya betri kwa waya mrefu, muziki ukiwa juu. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, rudi kwenye bati.

Kabla ya kazi yote hiyo, fungua mainasi ya betri, na uirudishe mwisho kabisa. Waya za RCA zipite upande mmoja wa gari, kebo ya umeme upande mwingine. Waya mwembamba wa buluu wa kuiwasha amplifaya utoke kwenye redio, usiuunge moja kwa moja kwenye betri, la sivyo asubuhi gari haliwaki.

Limebaki suala la geini, na nina shaka umeizungusha mpaka mwisho. Geini si sauti. Kazi yake ni kulinganisha ishara ya redio na amplifaya. Chomoa sabufa, zima vikuza besi vyote kwenye redio na kwenye amplifaya, weka redio robo tatu ya sauti, cheza mlio wa majaribio wa hezi 50, na upime volti za AC kwenye terminali za spika. Kwa wati 300 na omu 4, lengo ni volti 34.6. Panda polepole kutoka chini kabisa, na ukifika, acha. Multimita haioni sauti inapoanza kupasuka, kwa hiyo baada ya kurudisha sabufa sikiliza. Ukisikia besi inakwaruza, punguza. Kichujio cha kukata masafa ya juu kiweke hezi 80. Kama boksi lako lina tundu, tumia pia kichujio cha kukata masafa ya chini kabisa, kiweke chini kidogo ya masafa ambayo boksi limetengenezwa kupigia, maana chini ya hapo hewa haiishiki tena koni na inaruka hovyo.

Ukimaliza yote na taa nyekundu ikirudi, chomoa waya za spika zote kwenye amplifaya na uiwashe. Taa ikizimika, pima tena koili moja moja; koili iliyoungua kwa omu 1 husoma chini ya 3, au haisomi chochote, na ukibonyeza koni taratibu inakwaruza. Taa ikiendelea kuwaka bila spika hata moja, chomoa na RCA. Ikiwaka bado, transista zimeshaondoka na joto lile, na hapo ndipo swali la amplifaya nyingine linakuwa na maana.